Fundo la Mkono wa Kushoto

Alikuwa mpana. Watu wakisema fulani ni mpana huwa wanatia chumvi, lakini kwa huyu chumvi ilikuwa imo tayari. Milango mingi aliingia ubavu kama kaa, na siku aliyojisahau akaingia kifua mbele kama binadamu wengine, alitokea chumba cha pili amevaa fremu. Ndiyo maana wakamwita Kabati. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho, likisubiri siku mtu atakapolihitaji.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Wanaohama nyumba, ofisi zinazohama mtaa, wajane wanaorudi kwao, mume na mke waliogawana mpaka vijiko, wote walimpitishia maisha yao mgongoni. Inasemwa aliwahi kuteremsha kochi kutoka ghorofa ya tano na bibi mwenye kochi akiwa amelilalia, na bibi hakuamka mpaka alipofikishwa nyumba mpya, akauliza nani kambadilishia mapazia. Anayebisha alete kochi lake na bibi yake, tupime.

Watu wanadhani kazi hiyo ni nguvu. Nguvu ni nusu. Kitu kizito kikiteremshwa ngazini, mmoja anakaa chini na mwingine anakaa juu. Wa chini ndiye mbebaji. Anakwenda kinyumenyume, shavu limebanwa na mbao, haoni aendako wala atokako, haoni hata miguu yake mwenyewe. Wa juu anazungusha mkanda kifuani, anakizuia kitu kisikimbie, na macho yote ni yake. Yeye ndiye anayesema: ngazi, ngazi, kona, pumua. Wa chini akiambiwa weka mguu, anaweka. Hapimi kwanza. Akianza kupima mikono inatetemeka, na mzigo unajua mkono unaotetemeka kama mbwa anavyomjua mwoga.

Wa chini siku zote alikuwa Kabati. Wa juu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mwembamba kiasi kwamba ukimtazama ubavuni unadhani keshaondoka. Mungu alipomnyima mwili akamlipa koo. Sauti yake ilishuka ngazini mbele ya mzigo, tulivu, kama mtu anayembembeleza mtoto, na hivyo ndivyo walivyomwita: Sauti.

"Kushoto kwako, shemeji," angesema. "Kushoto kwako, si kushoto kwa yule uliyekuwa unamtazama pale dirishani."

"Simtazami mtu, nina meza usoni."

"Ndiyo, lakini ulimtazama kabla ya meza."

Kabati angecheka chini ya meza, na meza ingecheka naye, na mwenye meza angeshika kichwa. Lakini katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuvunja hata kikombe.

Dada mtu ndiye aliyemlea Kabati. Mama yao alifariki mtoto hajaota meno ya ukubwa, na dada, naye akiwa msichana tu, akamfunga mgongoni, akaenda naye kila alikokwenda, mpaka siku mgongo uliposhindwa. Sauti alipokuja kuposa, aliyemhoji alikuwa Kabati, keshakuwa mpana, amekaa kwenye viti viwili.

"Utamlisha nini dada yangu kwa mikono hiyo?"

"Mimi nitamwimbia," Sauti akajibu. "Chakula utaleta wewe."

Ikawa hivyo kweli. Kabati akapewa chumba cha uani, akala kwa dada yake asubuhi na jioni, na binti alipozaliwa akajifunza kutembea kwa kupanda mabega ya mjomba kama mtu apandaye mlima. Dada hakuwa mwanamke wa maneno mengi, ila neno lake moja alilirudia kila walipogombana kwa mzaha mezani. "Mimi ndugu sina mwingine, na mume sina mwingine. Vunjeni vyombo vya watu, nitawatetea. Mkivunjana ninyi kwa ninyi, msije kwangu na vipande."

Nao wangejibu, "Ndiyo, mama," kama watoto, na kugombania ukoko.

Wa tatu katika kundi lao alikuwa Dereva. Huyu aliweza kulirudisha lori nyuma ndani ya kibiriti na njiti zisiguswe. Alikuwa na maneno matamu, vishimo mashavuni, na kofia aliyoivua kwa kila mwanamke aliyepita, hata kwa sanamu za dukani. Lori lenyewe lilikuwa la mzee tajiri wao, limezeeka pamoja na mwenyewe. Mzee akikohoa lori linazima, lori likizimika mzee anakohoa.

Mwaka huo mzee akawaita, akasema amechoka. Lori ataliuza mwisho wa mwaka. Aliyeonyesha nia ya kulinunua alikuwa na watu wake.

"Na sisi?" Kabati akauliza.

"Ninyi mna miguu," mzee akasema, bila ubaya.

Wakaenda benki kuomba mkopo ili lori walinunue wao. Kijana wa nyuma ya kioo aliwauliza wana nini cha kuweka rehani. Sauti akamwonyesha Kabati. Kijana akacheka mpaka akafuta macho, akawatakia siku njema.

Wazo la wizi lilitoka kwa Dereva, lakini lilipotoka hakuna aliyelirudisha. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mtu aliyenunua mahindi kwa bei ya kilio na kuyauza kwa bei ya kiburi, alikuwa na ofisi ghorofa ya tatu, na ofisini alikuwa na sefu, kwa sababu benki aliiona kama shimo la panya. Kila siku mchana alikwenda kula, na karani wake alikwenda kula alikokwenda kula yeye, ili ajikombe.

"Tutaingiaje?" Sauti akauliza.

"Kwa mlango," Dereva akasema. "Tumeingia milango ya watu maisha yetu yote. Kuna aliyewahi kutuzuia?"

Basi wakaingia, jua la utosi, wamevaa ovaroli zao kuukuu, Kabati na gunia la kukingia bega limemfunika hadi nyusi. Mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli la kuzuia upepo. Wakaliinamisha sefu, Kabati akaingia chini yake, mkanda ukapita kifuani kwa Sauti, wakaanza kushuka. Ngazi. Ngazi. Kona. Watu walipisha. Mama mmoja akasema poleni na kazi. Walipofika chini, mlinzi wa jengo akaacha redio yake, akawashikia mlango kwa mikono miwili.

"Angalieni hapo, pana kizingiti," akawaambia.

"Asante, baba," Sauti akasema.

"Linakwenda wapi?"

"Linakwenda kupakwa rangi."

"Afadhali. Lilikuwa limechakaa."

Mtu aliyebeba kitu kizito hatazamwi usoni. Watu wanatazama mzigo, wanatazama vidole vyao vya miguu, wanapisha. Polisi walipouliza baadaye, jengo zima lilikumbuka sefu, kimo chake na kutu yake, na hakuna aliyekumbuka kama waliolibeba walikuwa na pua.

Walilikata kwa mashine kule machimbo ya mawe, ambako kelele haina mwenyewe. Pesa zilizotoka zilitosha lori, na kubaki. Wakazipanga kwenye sanduku la mbao, wakalificha stoo, nyuma ya vyombo vya wateja waliohama wasirudi kuvichukua. Wakakubaliana zisiguswe mpaka maneno yapoe na mzee awe tayari kuuza. Halafu wakalifunga kwa desturi yao.

Wahamishaji wana desturi hii: kila mtu ana fundo lake, na fundo la mtu halifunguliwi na mwingine. Kitu kikianguka njiani hawaulizani maswali. Wanatazama kamba iliyolegea, wanajua wamtukane nani. Sanduku likapigwa kamba tatu, na kila kamba ikafungwa na mkono wake. Fundo la Dereva lilikuwa la haraka, la kuvutwa mara moja likafunguka, kama ahadi zake. La Kabati lilikuwa nene, mizunguko mitatu, limekazwa kwa meno. Na Sauti alikuwa mtu wa mashoto, kwa hiyo fundo lake lilizunguka kinyume na ya watu wote, mkia wa kamba ukichungulia upande usiotarajiwa. Wakatazama kazi yao wakaridhika. Kufuli huvunjwa na yeyote, lakini mkono wa mtu hauigwi.

Dada aliambiwa, kwa sababu Sauti hakuweza kumficha mkewe kitu hata kama ni zawadi. Siku mbili alipakua chakula kama anayemlisha adui. Siku ya tatu akasema, "Mmeanza kazi isiyo na ngazi ya mwisho," na hakulitaja tena.

Kabati alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda kwenda kulitazama sanduku. Hakuligusa. Alisimama tu mbele yake kama baba aliyeingia kuangalia kama mtoto amelala, akijionea lori limepakwa rangi, na ubavuni majina yao watatu. Siku moja ya jua akaenda, akasogeza magodoro, akainama.

Kamba yake ilikuwa na fundo lake. Mizunguko mitatu, nene vilevile. Lakini ilizunguka kinyume.

Akalishika. Hapakuwa na alama za meno. Mkia wa kamba ulitokea kushoto. Kabati alikuwa ameyaona mafundo ya mkono ule kwenye kila kochi na kila kitanda tangu ujana wake. Angeyatambua hata amefumba macho. Akafungua kamba zote tatu, akainua kifuniko. Zilizobaki hazikufika nusu.

Akafunga tena, akakaa juu ya godoro la mtu asiyemjua.

Mtu mwingine angeondoka hapo moja kwa moja, akamkabili shemeji yake jikoni, akamuuliza. Lakini jikoni alikuwepo dada. Kumuuliza Sauti mbele ya dada ilikuwa sawa na kumwambia dada: mumeo ni mwizi wa wezi. Na kumwita pembeni alishindwa, kwa sababu mtu yule angesema kwa sauti ile, tulivu, "Si mimi," naye angeamini, kama alivyoamini kila neno lililotoka kinywani humo. Aliogopa kuamini. Basi akanyamaza, na akiwa amenyamaza akaenda kumwambia asiyestahili.

Dereva alisikiliza kofia ikiwa magotini. Uso ulimbadilika mara moja, ukarudi.

"Mimi sikutaka kukwambia, ndugu yangu," akasema polepole. "Nilimwona akizungukazunguka stoo. Nikasema si yangu hayo, ni mambo ya mtu na shemeji yake."

"Ulimwona?"

"Kwa macho haya. Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Huyo mmekula naye tu. Lakini usimguse, eh? Tusubiri. Ukimgusa, dada yako atakuwa mjane."

Lilikuwa neno la busara kutoka mdomo mchafu, na Kabati akalibeba jinsi alivyobeba kila kitu, bila kuuliza ndani mna nini.

Siku zile nyumba ikapoa. Kabati akaanza kula nje, akasema tumbo halimtaki. Binti alimpanda mabegani, naye akamshusha chini taratibu. Sauti akajaribu kamba zake zote za utani.

"Shemeji, umenuna, au umemeza friji la watu? Fungua mdomo nione kama taa inawaka."

"Nimechoka."

"Kuchoka kwako ninakujua. Huku siko."

Kabati akafunga viatu.

Sauti akakaa karibu naye, akashusha sauti. "Kuna neno nataka kukwambia. Ila si leo. Acha kwanza likae sawa."

"Litakaa sawa lini?"

"Karibu. We niamini tu."

Kabati akamtazama yule mtu mwembamba, akaona mwizi anayetafuta siku nzuri ya kuungama. Akainuka akaondoka bila kuaga.

Kazi ya siku ile ilikuwa ya muuza nyama aliyehama. Friza lake lilikuwa refu, la bati zito, na lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani, ambalo fundi wake alikuwa mlevi au mcheshi, maana hakuna ngazi mbili zilizolingana kimo. Mchana, mwanga unaingia dirishani, muuza nyama mwenyewe amesimama chini akiwaombea bati lake. Kabati akaingia chini. Sauti akazungusha mkanda kifuani.

"Ngazi," ikasema sauti. "Ngazi. Ndefu hiyo, taratibu. Ngazi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yao Kabati alikuwa anasikiliza bila kutii. Kila neno alilipokea, akaligeuza, akalinusa, ndipo akaweka mguu. Mikono ikaanza kutetemeka.

"Una nini leo, shemeji? Pumua."

Hakupumua.

"Kona. Vizuri. Ngazi. Ngazi." Kisha sauti ikalegea kidogo, kama inavyolegea mtu anapoona nyumbani. "Bado moja. Fupi, lakini ipo. Moja tu."

Kabati alikuwa akizihesabu mwenyewe. Kwa hesabu yake zilikuwa zimekwisha. Mguu ulidhani unagusa sakafu. Na wazo likamjia, dogo na baridi kama sarafu: aliyeniibia pesa, atashindwa kuniibia ngazi?

Akakanyaga kama mtu anayekanyaga chini.

Palikuwa na ngazi.

Goti likakunjika, friza likapata uhuru wake. Lilimlalia Kabati kifuani, na watu wa jengo lile mpaka leo wanaapa kwamba lililobonyea ni friza. Lakini mkanda ulikuwa umemfunga yule mwembamba, na friza liliposhuka lilimvuta juu ya mgongo wake kama mtoto anavyovuta uzi wenye kipande cha karatasi. Akapita juu ya vichwa vyao. Chuma cha kujishikilia ngazini ndicho kilichompokea.

Kabati akalitupa friza pembeni. Shemeji yake alikuwa amelala kichwa kwenye kizingiti, macho wazi, anashangaa kidogo.

"Nilisema moja, shemeji," akasema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayekumbusha.

Hakusema kitu kingine. Kabati akambeba mikononi, akakimbia naye mpaka hospitali bila kusubiri lori, na watu wakapisha kama kawaida, wakitazama mzigo. Alikuwa mwepesi. Daktari alimgusa shingoni, akamwangalia Kabati, akavua glavu.

Lori lenyewe halikufika. Dereva alikuwa ameliacha barabarani, milango wazi, akaondoka kwa miguu. Stoo hakupita. Mwoga yule hata kuiba hakumaliza.

Wakamzika Sauti. Watu walikuwa wengi, maana nusu ya mji alikuwa amewahi kuwateremshia vitanda. Wote walimpa Kabati mkono, wakamwambia ajali haina kinga. Alama nyekundu ya bati ilikuwa bado kifuani kwake, na alipoulizwa hali alisema hajambo, na kweli hakuwa na mfupa uliovunjika.

Nyumba ilipobaki na wenyewe, siku moja alasiri, dada yake alikuwa kitandani akikunja ovaroli ya marehemu. Aliikunja, akaifungua, akaikunja. Kabati alikuwa amesimama mlangoni, kwa sababu tangu siku ile hakuwa amekaa kwenye kiti cha nyumba hiyo.

"Ingia, mwanangu," dada akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu alipomfunga mgongoni. "Kuna kitu mwenzio alikuficha, na mimi sitaki kukaa nacho peke yangu."

Akamwambia. Sauti alikwenda stoo siku moja kufuata magunia, akamkuta Dereva na mikono ndani ya sanduku, kamba ziko chini. Dereva alilia mpaka kofia ikalowa. Alikuwa ameweka malipo ya kwanza ya lori jingine, la jina lake peke yake, mji mwingine. Aliomba apewe muda atarudisha zote, kidogo kidogo, kabla mzee hajauza. Na Sauti akakubali.

"Nilimwambia, mwambie mdogo wangu," dada akasema. "Akakataa. Akasema, nduguyo haijui nguvu ya mikono yake. Akijua atamshika yule mtu mara moja tu, na mara moja itatosha, halafu nani atamtoa jela? Akasema, sitamrudisha kwako na damu mikononi. Basi akafunga zile kamba upya, ili usijue. Alirudi hapa anacheka, ananiambia, nimejaribu kulifunga lile fundo lake la kizee, meno yamekataa. Nikamuuliza utamwambia lini. Akasema pesa zikirudi zote, nitamwambia tukiwa tunacheka."

Akaiweka ovaroli mapajani, akailainisha.

"Mtu yule alikupenda. Nataka ulijue hilo. Hata kufa, alikufa amekushikia mkanda."

Hakuna aliyejua kilichotokea kwenye ngazi ile. Muuza nyama aliona mguu ukiteleza, na hivyo ndivyo alivyosema kwa kila mtu. Kabati angeweza kukaa kimya. Angeendelea kula sahani ya dada yake mpaka uzee, binti akimpanda mabegani, na dada akimwita mwanangu. Alijua hilo, akiwa pale mlangoni. Alilitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba yenye taa.

"Hakuteleza mtu," akasema.

"Nini?"

"Aliniambia bado moja. Nilimsikia, dada. Nilimsikia vizuri kabisa. Nililiona fundo. Nikasema huyu ananiibia. Nikasema, basi na ngazi pia ananidanganya. Nikakanyaga kwa makusudi pale aliponiambia si chini."

Dada hakupiga ukelele, wala hakumrushia kitu. Mikono yake tu iliacha kulainisha. Nje mtu alikuwa anakwangua sufuria, na ile kazi ya kukwangua ikaendelea, ikaendelea, mpaka sufuria ile nadhani ilitoboka.

"Ungemuuliza," akasema mwisho. "Ulikuwa unakula naye sahani moja. Neno moja."

"Ndiyo."

"Angekwambia."

"Najua."

Akainuka, akaiweka ovaroli ndani ya sanduku la nguo, akafunga. Akamgeukia kama mwenye nyumba anavyomgeukia mtu aliyemaliza kazi na bado amesimama.

"Asante kwa kuniambia, fundi," akasema. "Ukitoka, urudishe mlango taratibu. Mtoto amelala."

Kabati akahamisha vitu vyake siku hiyohiyo. Vilijaa gunia moja.

Sanduku la pesa akalibeba hadharani, mchana, mpaka jengo la mfanyabiashara wa nafaka. Alitaka kukamatwa. Safari hii hakuvaa gunia. Uso wake ulikuwa wazi kama sinia. Mlinzi yuleyule akaacha redio, akashika mlango.

"Leo mnaingiza?"

"Naingiza. Ni mimi niliyetoa lile sefu."

"Haya, pita, pita, usisimame na mzigo mlangoni."

Akapanda. Karani akamwambia weka hapo kwenye kona, asimame foleni kama ana hundi. Akaweka. Akasimama sana, hakuna aliyemtazama, akashuka. Mfanyabiashara alipolifungua alitangaza kwamba wezi wameshikwa na hofu ya Mungu, kisha akaongeza kwamba hawakuogopa vya kutosha, maana zilizorudi hazikufika nusu. Dereva alionekana na wapita njia katika mji mwingine, anaosha lori lake, hana kofia. Kabati alipoambiwa hakuuliza ni mji gani. Mikono ile iliyoogopwa sana haikumtafuta.

Tangu hapo akabeba vitu vya kubebwa na mtu mmoja tu. Viti, magunia, matangi matupu, chochote anachoweza kuona juu yake. Ngazini alikwenda uso mbele, akipapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu kama kipofu, na wateja wakalalamika kwamba mtu mpana hivi mbona mwoga hivi. Ilisemwa kwamba amesinyaa. Ukweli ni kwamba siku hizo aliweza kupita milangoni kama watu wengine.

Mwaka ukaisha, dada akaamua kuhamia kwa wakwe zake. Habari ikamfikia. Asubuhi ya kuhama akafika na mkokoteni, akasimama nje ya uzio, kofia mkononi, pamoja na wabebaji wengine wawili waliokuwa wamenusa kazi. Dada akatoka, akawatazama wote watatu kwa macho yaleyale.

"Bei gani?" akauliza.

Wale wawili wakataja yao. Kabati hakuweza kutaja. Dada akamnyooshea kidole yeye.

"Huyu. Anajua kufunga vizuri."

Akabeba kila kitu. Kitanda akakifungua vipande vipande. Kabati la nguo, ambalo ni la watu wawili, akalitolea milango na mbavu, akalitoa vipande, safari baada ya safari, jasho likimtiririka kama mtu anayelia kwa mwili mzima. Binti akatoka na beseni lenye vikombe, keshakuwa mrefu.

"Mjomba, na hivi?"

Kabati akamtazama dada. Dada alikuwa anafunga dirisha, hakugeuka, wala hakumsahihisha mtoto.

"Leta," Kabati akasema. "Hivyo nitavishika mkononi."

Vyombo vyote vilipokuwa juu ya gari la kukodi, vimefungwa, hakuna hata kikombe kilicholia, dada akafungua pochi. Akazitoa noti, akazinyoosha moja moja, akamnyooshea.

Kabati hakuzitaka. Mdomo ulishafunguka kusema, dada, acha. Ndipo alipoona kwamba akikataa malipo atakuwa anadai kitu kingine, kikubwa zaidi, ambacho mwanamke yule hakuwa nacho cha kumpa. Akapokea kwa mikono miwili.

"Zinatosha?" dada akauliza.

"Zinatosha."

"Haya."

Akapanda mbele, binti katikati. Gari likaondoka taratibu, likayumba kwenye shimo la kona, na kamba zikashika. Kabati akabaki barabarani na noti mkononi, akilitazama mpaka likapinda. Baadaye mtu akampigia mluzi kutoka ng'ambo, ana tangi la maji la kuhamisha, na ana haraka. Akageuza mkokoteni.